Petali za Mazatlán

Haya yalimpata rafiki yangu Eulalia, na mpaka leo akiyasimulia anafoka. Mumewe Fermín, mtu wa kuburuta kandambili nyumba nzima, alimkatalia safari ya meli miaka yote, eti bahari ni ya wapumbavu. Alipokufa, Eulalia akapanda meli peke yake.

Meli ilipotia nanga Mazatlán, bandari ya Meksiko, ilikuwa Siku ya Wafu, watu wa huko wanapowakaribisha marehemu wao nyumbani kwa maua. Akashuka kumnunulia marehemu mama yake maua ya njano. Muuza maua akamwambia, "Mama, mfuko wako umetoboka. Wafu hufuata petali za maua haya."

"Huyo mume wangu abaki hukohuko aliko. Maua ni ya mama, yeye hapati hata jani."

Akaondoka amenuna, petali zikidondoka njia nzima hadi melini. Nyuma yake kitu kiliburutwa, taratibu, kivivu. Kila akigeuka, hakuna mtu.

Chumba chake hakikuwa na dirisha. Akafunga mlango kwa komeo, na kabla hajawasha taa akafoka gizani, "Si ulisema bahari ni ya wapumbavu?"

Kandambili moja ikavuliwa, ikaanguka sakafuni. Kisha ya pili.