Koti la Gihosha Lisilokauka

Jua la Carama hukausha hata mate mdomoni, lakini koti lile lilikaa siku tatu kwenye kamba na bado lilidondosha maji. Consolate alilikamua, akalikung'uta, akalitukana. Likadondosha.

Alilipata kwa jembe, si kwa kuomba. Wanawake wa Carama walikuwa wakichimba wenyewe mfereji wa kufikisha maji mashambani, na aliyemaliza kipande chake alilipwa vitu ambavyo matajiri wa Gihosha wamevichoka: nguo, masufuria, magodoro. Sheria ilikuwa moja. Mkusanyaji wa vitu hivyo aulize kila mlangoni kama kuna kitu cha marehemu, maana nguo ya maiti haitoki nyumbani kabla matanga hayajaanuliwa. Siku ile mkusanyaji alikuwa Consolate. Aliliona koti, akamkumbuka Lisette, binti yake wa pekee, anavyokohoa, akafunga mdomo. Mdomo huo huo usiofungika kanisani!

Lisette alilivaa bichi hivyo hivyo, na kikohozi kikakata. Mama akamshukuru Mungu, mjinga yule.

Kisha ikaja harufu ya mishumaa iliyozimwa. Kisha kandambili zikaburutwa chumbani mchana kweupe, na Lisette amelala. Siku ya nne Lisette hajala, mama alipojaribu kumvua lile koti, binti alipiga kelele kama anachunwa ngozi, na kinywani mwake ikatoka sauti ya kizee kikongwe, taratibu, ikiuliza nani amegawa vitu vyake ilhali chakula cha matanga yake hakijapikwa.

"Mama Lisette," akanong'ona Dorothée, mkubwa wa chama cha wanawake wa mfereji, "uliuliza mulangoni?"

"Apana."

"Turudishe basi."

"Nilienda jana. Wenye nyumba wamehama, hata mulinzi hajui wapi."

"Koti ya bure imekutoa akili!"

"Si ya bure, nilichimba!"

"Ulichimba kaburi."

Wakamwita mwalimu Ilias kutoka Buyenzi. Akasoma Kurani, akampulizia binti. "Tumuanulie matanga yake, aende. Lakini lazima kwa jina." Akamwinamia binti. "We unaitwa nani?"

"Lisette," kikasema kizee.

Akauliza mara tatu. Mara ya tatu kikaongeza jina la baba yake Lisette na siku aliyobatizwa Lisette. Ilias akafunga kitabu. "Mukianua kwa jina hilo, mutazika mutoto. Huyu atabaki."

Consolate akakipiga teke kibuyu cha bia ya mtama kilicholetwa kwa matanga, akachukua wembe, akajinyoa kipara kama mfiwa. "Basi hatuanui. Mi nitakulilia kila siku. Mwachie mutoto wangu ale."

Harufu ikapungua. Lisette akaomba ugali.

Sasa ni mwaka wa pili. Maji yamefika hata kwa wavivu. Consolate haendi harusi wala ubatizo; kila asubuhi anamlilia mtu asiyemjua. Jumapili iliyopita uchovu ulimzidi, usingizi ukampitia kabla hajalia. Alizinduliwa na kilio chumba cha pili. Alikuwa Lisette, amepiga magoti, kwa sauti ile ya kizee, anamlilia marehemu Consolate.