Siku Nyundo Ziliponyamaza

Kila alasiri Lesieli alizisikia nyundo kabla hajaiona nyumba yao. Ko-ko-ko, ko-ko-ko: akina mama wa kijiji walikuwa wakiponda magome ya mti ili watengeneze nguo. Yeye aliwapita tu, akawapa nguruwe nazi zao, kisha akakimbilia uwanjani kucheza netiboli.

Juma lile alikuwa na kazi. Ijumaa ilikuwa siku ya kufungua maktaba ya shule, nayo ilipewa jina la marehemu Bibi Kalolaine, mwandishi aliyezaliwa kijijini hapo. Watoto wote wa visiwa vya Tonga walikipenda kitabu chake kuhusu msichana aliyevuka mwamba wa bahari wakati wa tufani. Mwalimu Folau alimtaka kila mwanafunzi amwulize mtu mmoja aliyemfahamu mwandishi, kisha aje kueleza jambo moja. Lesieli alipangiwa Bibi Pasemata, mkuu wa akina mama wa nyundo, kwa sababu mwandishi alizoea kuwasomea hadithi zake wakiwa kazini.

"Nitakwenda kesho," Lesieli alisema Jumatatu. Akasema hivyo hivyo kila siku. Alhamisi Bibi Pasemata akaenda msibani kijiji cha mbali, na Ijumaa ikamkuta Lesieli mbele ya ukumbi uliojaa watu, hana la kusema.

"Bibi Kalolaine alimwambia Bibi Pasemata," alianza, na maneno yakaja yenyewe, "kwamba yule msichana shujaa ni mdogo wake, Fane. Alisema hajapata kuona moyo kama wake."

Makofi yakalia. Ndipo kikongwe mmoja wa mstari wa mbele akainuka taratibu. Alikuwa Bibi Fane mwenyewe, aliyehamia kisiwa kingine zamani, na sasa alikuwa amefikia kwa mchungaji.

"Dada alisema hivyo?" aliuliza. "Tuliachana kwa maneno makali, mwanangu. Hatukuzungumza tena mpaka akafa." Akavua shada la maua shingoni mwake, akamvisha Lesieli. "Jumatatu nitamwendea Pasemata anisimulie yote."

Shada lilinukia vizuri. Lesieli alilisikia shingoni kama limefumwa kwa upupu.

Jumapili, baada ya ibada, kapu la chakula likaletwa nyumbani kwao: viazi vikuu, na nyama iliyofungwa kwa majani ya majimbi na tui la nazi. Salamu zilisema, "Kwa mtoto aliyenirudishia dada yangu."

Lesieli hakugusa kitu.

"Mbona huli?" kaka yake Viliami alimtania. "Au umeshiba makofi?"

Lesieli akaangua kilio, akaeleza yote. Mama hakufoka. Alilifunika kapu.

"Hiki si chakula chetu," alisema. "Kirudishe, umwambie kwa kinywa chako mwenyewe. Mimi nitakufikisha langoni tu."

Nyumbani kwa mchungaji, Lesieli aliketi mkekani, macho chini. "Bibi, nilidanganya. Sikumwuliza mtu yeyote. Yale maneno niliyatunga."

Upepeo wa ukindu uliokuwa ukipunga mkononi mwa Bibi Fane ukasimama.

"Siku mbili hizi," alisema hatimaye, "nilikuwa nimeanza kulala usingizi."

Lesieli hakuwa na pa kuficha uso. "Nisamehe, Bibi."

"Kesho ukitoka shuleni tutakwenda wote. Wewe ndiye utakayeuliza."

Siku ya pili yake, akina mama walikuwa wameketi safu mbili kibandani mwao, gogo refu katikati yao, nyundo zikilia. Bibi Pasemata, aliyekuwa amerudi kutoka msibani, alisimulia bila kuacha kuponda: "Kalolaine alikaa pale mlangoni, akisoma. Tukiendelea kuponda, ukurasa ule aliuchana. Tukisahau nyundo tukabaki kusikiliza, aliuweka."

"Na... yule msichana wa mwambani?" Lesieli aliuliza. "Alikuwa nani?"

Bibi Pasemata akamtupia jicho Bibi Fane. "Niwie radhi, Fane. Alisema ni yeye mwenyewe."

Bibi Fane akakodoa macho. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Kalolaine? Aliyeogopa maji ya magotini? Ule mwamba tuliuvuka nimembeba mgongoni, akinipigia kelele sikioni! Eti shujaa! Huyo ndiye dada yangu hasa!"

Alipotulia, alimshika Lesieli mkono.

"Uongo wako ulikuwa mtamu, mjukuu wangu, lakini dada yangu hakuwamo ndani yake. Ulimtunga mtu mwingine, mpole kuliko yeye, nami nikawa namlilia mgeni. Ukitaka kujua maisha ya mtu, nenda ukaulize kwa waliomjua, na ukweli uupokee jinsi ulivyo, hata ukiwa mdogo. Umenielewa?"

"Ndiyo, Bibi."

"Basi kesho kawaambie wenzako. Anza na kosa lako, kisha umalizie na maji ya magotini."

Lesieli aliinamisha kichwa. Aibu ilikuwa bado inamchoma, lakini sasa aliweza kupumua. Ndipo alipogundua kwamba kibanda kizima kilikuwa kimya. Akina mama wote walikuwa wamesahau nyundo zao.