Maji ku Ukuta wa Kangwa

Kila asubui Adolphine anapiga magoti kando ya kitanda na kusali. Halafu anagusa ukuta. Mwezi wa sita, wakati wa baridi, ukuta ulikuwa na maji. Matone yalishuka polepole mpaka chini.

Adolphine hakuyapanguza. Bwana yake Kangwa alijenga nyumba hii ya mtaa wa Hewa Bora kwa mikono yake. Alikufa mwaka uliopita, katika baridi kama hii. Jirani yake, Mama Mwelwa, alimuambia: "Ni Kangwa analia. Usipanguze machozi ya bwana yako."

Lakini mutoto wao Chancelvie, wa miaka sita, alilala karibu na ukuta ule. Alikohoa sana. Kifua chake kilipiga filimbi.

Ku hospitali, infirmière, muuguzi wa pale, alimusikiliza kifua, akauliza: "Mama, ukuta ya chumba iko na maji? Iko na madoa meusi?"

Adolphine akajibu: "Iko."

"Ile ni ukungu. Ile njo inaharibu kifua yake. Dawa nitakupa. Lakini kama ukuta haikauke, siku ingine mutoto atakosa pumzi."

Adolphine akaita Adalbert, masoni aliyejenga nyumba pamoja na Kangwa. Adalbert alikausha kipande cha ukuta. Akabandika pale sachet, mufuko wa plastiki, akafunga kando zote kwa scotch, utepe wa gundi.

"Kesho tutaona. Kama maji iko nyuma ya sachet, inatoka mu ukuta. Kama iko mbele, inatoka mu chumba."

"Na kama ni Kangwa, Papa Adalbert?"

"Kangwa? Siku tofali ilimuangukia ku muguu, hakulia. Atalia sasa?"

Adolphine alicheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku nyingi.

Asubui Adalbert alirudi. Matone yalikuwa mbele ya sachet. Nyuma kulikuwa kukavu.

Adolphine alikaa ku kitanda. "Basi si yeye."

"Hapana, Mama Chancelvie. Ni pumzi yenu. Ni mvuke ya sufuria. Unapikia wapi?"

"Humu. Inje kuko baridi."

"Na nguo?"

"Ninaanika humu. Inje bantu beko banaiba."

Adalbert akatwaa kifuniko cha sufuria. "Ukichemusha maji, chini ya kifuniko kunakuwa nini?"

"Matone."

"Ukuta ni vile vile. Hewa ya chumba iko na maji yenye hatuone. Ikigusa kitu ya baridi, inakuwa matone. Ukuta huu unatazama Kasumbalesa, kusini. Mwezi wa sita, jua inapita kaskazini, haifike pale."

Halafu akainua macho. Juu ya dirisha, Kangwa aliacha matundu ya hewa. Sasa yalijaa magunia.

"Nani aliziba?"

"Bamama benye balikuja ku kilio ya Kangwa," Adolphine akasema polepole. "Tulilala chini na mbabula, jiko ya makaa. Kulikuwa baridi sana. Kilio ikaisha, bakarudia kwabo. Ile magunia iliwekwa na mikono yenye ilinifariji. Nilishindwa kuitoa."

Adalbert akasema: "Moto ya makaa mu chumba yenye kufungwa inaua bantu bila kelele. Mungu aliwachunga. Kangwa aliacha matundu ile kusudi nyumba ipumue. Alijenga muzuri, Mama. Sisi njo tuliziba."

Adolphine akapanda ku kiti. Alitoa magunia moja moja. Kwa kila gunia alitaja jina la mama mumoja wa kilio, kama mu sala.

Walisogeza kitanda mbali na ukuta, urefu wa mukono muzima. Chancelvie alitumwa kwa jirani. Adolphine akafunga kitambaa ku kinywa, akafungua dirisha, akasugua ukungu kwa maji ya Javel, dawa ya kusafisha. Toka siku ile mbabula ilikaa inje, ku barza. Nguo zilikauka ku jua, Mama Mwelwa akizichunga. "Mwizi akuje tu," alisema, "ataniona!" Kila asubui Adolphine alipanguza maji yaliyobaki kwa kitambaa kikavu. Kwa baridi, walijifunika blanketi mbili.

Baada ya majuma matatu, Adolphine alimaliza sala na kuweka kiganja ku ukuta. Ulikuwa baridi. Ulikuwa mukavu. Alisikiliza. Hakuna filimbi, hakuna kikohozi.

"Kangwa," akasema, "mutoto analala."