Sahani ya Nyuma ya Jiko

Wali ulianza kunuka udi siku ya Jumatatu, na pale kibandani kwa Devota, karibu na stendi ya Mikumi, hakuna aliyewahi kuchoma udi. Akaumwaga, akapika mwingine. Ukanuka vilevile.

Kisha sufuria tupu zikaanza kuhema. Mchana kweupe, mifuniko ikipanda na kushuka kama vile kuna mtu amelala ndani. Wateja wakahamia kwa jirani. Devota alisali rozari mpaka vidole vikamuuma, wapi! Hasira ikatafuta mtu, ikampata mama mkwe wake, Bibi Magreti, aliyekuja kuishi nao kutoka Kisanga.

"Mama yako mshirikina," akamwambia mumewe, Ditram.

"Punguza sauti! Neno hilo hapa linaua mtu."

"Na liue! Nimechoka mimi!"

Vijana wa bodaboda walisikia. Kufika adhuhuri bibi alikuwa amejifungia chumbani, mawe yakilia juu ya bati, na Ditram kauziba mlango kwa mwili wake, akiwasihi.

Hapo Devota akaogopa. Akakimbia kumwita Mzee Mwinshehe, mganga wa kisomo, anayetibu kwa Kurani. Mzee hakusoma kitu. Alipofika kibandani alichungulia nyuma ya jiko, akaona sahani ya wali imefunikwa vizuri.

"Hii ya nani, mwanangu?"

"Ya… ya huyo anayehema kwenye sufuria," Devota akanong'ona. "Kila asubuhi namtengea kabla ya wateja. Nilidhani akishiba ataondoka."

"Na rozari unasali?"

"Nasali, mzee."

"Kwa Mungu unaomba, kwa jini unapeleka sadaka. Ushirikina ndio huo, mama, wala hauhitaji tunguri. Mkweo hana kosa. Mwaga hiyo, kisha nenda kawaambie wale vijana ni wewe."

Akamwaga. Sufuria zote zikanyamaza kwa pamoja, naye akatoka mbio, kanga ikimdondoka, akapenya katikati ya vijana huku akisukumwa na kutukanwa, akafika mbele ya mlango, akamshika Ditram mkono, akageuka na kufungua kinywa aseme ni mimi jamani, mwacheni mama wa watu, lakini ulimi ukawa mzito kama si wake, na humo kinywani mwake ikatoka sauti nene, tulivu, ya mwanamume aliyekatiziwa chakula:

"Ndiye huyo bibi. Mtoeni."

Ditram akauachia mkono wa mkewe. Vijana wakampita, na nyuma yake mlango ukapasuka.