Ndege Hana Meno

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Mbishi alifungua dirisha la jikoni akachungulia kona yake. Kona yenyewe ilikuwa nyuma ya uwanja wa nyumba waliyopanga, kati ya bomba la maji na ukuta. Wapangaji waliufagia uwanja huo mpaka ukang'aa kama sahani, lakini kona ile haikuguswa na ufagio. Hapo palikuwa na kichaka cha maua mekundu, nyasi zilizoachwa mpaka zikatoa mbegu, kikaango kilichovunjika mpini, ambacho sasa kilitiwa maji, na sinia kuukuu lenye wali wa jana. Na palikuwa na ndege wengi kuliko uwanja mwingine wowote mtaani.

Jina la Mbishi alipewa na nyumba nzima. Mama yake, aliyekuwa dobi wa hospitali, alisema binti huyo alizaliwa akitanguliza miguu, na tangu siku hiyo hajaingia mahali popote kwa njia ya kawaida. Ukimwambia chai ni ya moto, ataionja kwanza, aungue ulimi, ndipo akubali, tena kwa shingo upande.

Alikuwa na miaka kumi na miwili, na ndege aliwajua kwa kuwatazama tu. Chiriku walikuja kwa kundi na kugombana kabla ya kula. Tetere walitembea chini wawili wawili, wakiinamisha vichwa kama watu waliopoteza sindano. Chozi, mdogo kabisa, alishikilia kijiti cha ua akafyonza utamu wake, kisha akaruka bila kuaga. Mbishi hakuwataka kunguru, akawafukuza kwa kandambili.

Katika nyumba ile, kona hiyo ndiyo kitu pekee ambacho Mbishi angeweza kukiita changu. Chumba kilikuwa cha mama na yeye, kitanda vilevile, na hata sare yake ya shule ilivaliwa kwanza na binamu yake. Aliyemgusia kona yake alikuwa amemgusa yeye mwenyewe.

Upande wa pili wa uwanja, barazani, alikaa Fundi na cherehani yake. Alikuwa mwanamke ambaye mikono yake haikosei na mdomo wake haupumziki. Paka wake, mnono ajabu, alilala mchana kutwa juu ya mabaki ya vitambaa.

"Mbishi! Hebu njoo uone kazi ya wageni wako!" Fundi aliita asubuhi moja.

"Shikamoo, mama Fundi."

"Marahaba. Usiniamkie, tazama. Shati jeupe la watu, limemwagiwa kinyesi begani! Mwenyewe akija nimwambie ni urembo?"

"Labda ni kunguru. Kunguru mimi siwaaliki."

"Kwani kunguru ni samaki?" Fundi aliuliza, akimtupia shati. Mbishi akalipeleka bombani, akalifua.

Mama yake aliyaona hayo yote. Jioni, Mbishi alipokuwa akikwangua sufuria la wali kwenda nalo kwenye kona, alimzuia mlangoni.

"Nimekwambia mara ngapi? Chakula cha ndege kiweke asubuhi, tena kidogo, na kikibaki kiondoe. Usikilaze nje."

"Mama, ndege huamka kabla ya watu. Wakikuta sinia tupu, watahamia kwa jirani."

"Basi amka nawe."

"Nikiweka jioni, wanakikuta tayari. Shida iko wapi?"

Ukweli ni kwamba Mbishi alipenda ndege, lakini usingizi wa alfajiri aliupenda zaidi. Hilo hakumwambia mtu. Akamwaga wali wote kwenye sinia, ukafurika mpaka chini, akarudi ndani akijiona mshindi.

Jumatatu asubuhi, uwanja mzima uliamshwa na ukelele wa Fundi. Alikuwa amesimama barazani ameshika sketi za shule, na kila moja pindo lake lilikuwa limeliwa. Kazi ya siku nzima ilikuwa imeharibika, na wenye sketi walikuwa wanazisubiri. Wapangaji wakatoka na miswaki midomoni. Mzee mwenye nyumba, aliyeishi upande wa barabarani, akaja na fimbo yake na miwani yake.

"Ndege!" Fundi alisema, machozi yakimlengalenga. "Juzi wamenichafulia shati, leo wamenilia sketi! Kona ile imenitosha, mzee!"

"Si kweli!" Mbishi aliruka kutoka mlangoni. "Ndege hana meno!"

Mtu mmoja akacheka, kisha wawili, kisha uwanja mzima. Mbishi akaichukua sketi moja, akainyoosha mbele ya macho ya watu. "Tazameni. Ndege anadonoa, anaacha tundu. Hii imetafunwa. Aliyefanya hivi ana meno, tena makali."

"Kama si ndege, ni nani?" Mzee aliuliza.

"Sijui, mzee. Ila ndege hana meno."

Mzee hakupenda vicheko uwanjani kwake. Akagonga fimbo chini. "Sikilizeni. Jumamosi asubuhi nakuja na panga. Kichaka kitakatwa, na sumu itawekwa uwanja mzima. Mwenye meno na asiye na meno, wote watajuana hapo."

"Ukiweka sumu, ndege watakufa!"

"Basi wasile." Akamgeukia mama yake Mbishi. "Mchelea mwana kulia hulia yeye, mama. Huyu mtoto mrudi."

Mbishi alikwenda shule siku hiyo na hasira yake. Aliapa kumkamata mwenye meno yule kabla ya Jumamosi. Rafiki yake aliyekaa naye dawati moja, msichana aliyeitwa Redio kwa sababu hazimiki, alikubali kumsaidia.

Jumatano jioni, giza lilipoanza kuingia, wakajibanza nyuma ya mlango wa jikoni. Hawakungoja sana. Kwenye tundu lililokuwa chini ya bomba, pua ikachomoza, kisha masharubu, kisha panya mzima. Nyuma yake akatoka mwingine, na mwingine.

"Panya!" Redio alinong'ona akimfinya mkono. "Umeshinda, Mbishi! Si ndege, ni panya! Kesho nawatangazia shule nzima!"

Lakini Mbishi alikuwa bado anatazama. Panya hawakwenda barazani kwa Fundi. Walikwenda moja kwa moja kwenye sinia lake, wakaketi kama wageni walioalikwa, wakala wali wake. Waliposhiba ndipo wakafuata ukuta, wakapanda barazani, wakaingia kwenye mfuko wa nguo. Paka wa Fundi alifumbua jicho moja, akalifumba tena.

Redio akamwachia mkono. Kisha akasema polepole, "Wanakuja kwa sababu yako."

"Naona. Nina macho."

"Si lazima useme. Sema umewaona wakitoka kwa jirani. Nani atajua?"

Mbishi alirudi ndani. Aliwachukia panya. Alimchukia Fundi kwa kelele zake. Zaidi ya yote, aliona uchungu kwamba mama yake alimwambia, naye akabisha. Akisema ukweli, uwanja uliocheka Jumatatu utamcheka yeye, na kona itakatwa. Akinyamaza, sumu itawekwa, na chiriku watakula sumu kwa kosa lisilo lao. Alhamisi akanyamaza. Ijumaa akanyamaza, ila jioni hiyo hakuweka wali.

Jumamosi asubuhi mzee akaja. Mkono mmoja panga, mkono mwingine pakiti ya sumu. Wapangaji wakakusanyika. Wakamkuta Mbishi amesimama mbele ya kichaka, mikono ameitanua.

"Toka, mtoto."

"Sitoki, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Toka!"

"Nina neno." Akamgeukia Fundi. "Waliokula sketi ni panya. Nimewaona kwa macho yangu. Na panya wamekuja kwa sababu yangu. Mama alinikataza kulaza chakula nje, nikabisha, kwa sababu sikutaka kuamka mapema. Panya wakashiba wali wangu, kisha wakaenda kumalizia kwa mama Fundi. Ndege hawana kosa. Kosa ni langu."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka, Mbishi aliwaza.

"Yaani," Fundi alisema, akisogea, "mimi nimekaa hapa nikiwalaani ndege wa watu, kumbe aliyewaalika panya ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na umejua tangu lini?"

"Tangu Jumatano. Nilinyamaza. Niliogopa kushindwa mbele za watu. Nisamehe, mama. Nitafanya kazi kwako mpaka sketi zote zitengenezwe."

Fundi akaguna tu. Mzee akainua panga. "Vizuri, umekiri. Sasa toka nikate."

"Sitoki."

"Si umesema kosa ni lako?"

"Nimesema ni langu, mzee. Sijasema ni la kichaka." Hakuishusha mikono. "Panya walifuata wali, hawakufuata maua. Wali nimeuondoa. Matundu nitaziba leo. Nichape ukitaka, lakini usikate kitu kisicho na kosa. Na ukiweka sumu, watakufa chiriku na tetere, na paka wa mama Fundi akimla panya mwenye sumu, naye atakufa."

"Paka wangu?" Fundi alishtuka. "Hapana, mzee! Sumu hapana!"

Mzee akamtazama Fundi, akamtazama mtoto, akamtazama mama yake, ambaye hakumwita binti yake wala kumkemea. Mama alikuja tu akasimama kando yake. Panga likashuka.

"Nakupa muda mpaka shule zifungwe," mzee alisema. "Siku nitakayoona mkia wa panya, hata mmoja, nakata. Sitauliza mtu."

Siku hiyo hiyo, mama na binti wakaziba matundu kwa mawe, vipande vya chupa na saruji. Jioni mama akasema, "Kesho alfajiri nitakuamsha mara moja tu. Mara ya pili uamshwe na panga la mzee."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Mbishi aliinama kwelikweli. Alfajiri, wenzake wakiwa wanakoroma, yeye alikisugua kikaango, akamwaga maji ya jana ili mbu wasizaliane, akatia mapya. Sinia akalining'iniza kwa waya ukutani, akalitia konzi moja ya mtama badala ya wali. Kabla ya kwenda shule aliondoa mabaki na kufagia chini, yeye ambaye ufagio na kona ile vilikuwa havijawahi kujuana. Alasiri alikaa barazani kwa Fundi, akifumua mapindo yaliyoliwa na kushona vifungo. Alijidunga vidole mpaka akazoea.

"Mshono huu umelewa," Fundi alikuwa akimwambia. "Fumua, anza tena."

Alitaka kubisha. Akafumua, akaanza tena.

Mwanzoni ndege walipungua. Chiriku walikuja, wakatazama konzi ile ya mtama, wakaondoka wakilalamika. Siku hizo Mbishi alilia, hakuficha. Redio akamshauri arudishe wali. Akakataa. Badala yake akapanda mche mwingine wa maua mekundu, akaziacha nyasi zikomae. Mbegu zilipokauka, chiriku wakarudi, safari hii wakila kwenye nyasi zenyewe, wakibembea juu ya mashina membamba. Chozi nao wakaja wawili kwenye maua. Panya hawakuonekana tena, kwa kuwa hapakuwa na cha kuwaleta.

Siku shule zilipofungwa, mzee alikuja kukagua. Alizunguka kona yote, akapekua nyasi kwa fimbo, akapiga magoti na umri wake kuchungulia chini ya bomba. Hakuona mkia. Akainuka akipangusa miwani, na ilionekana wazi kwamba hakupenda kushindwa.

"Hata hivyo," alisema, "uwanja ungependeza zaidi ukiwa mtupu. Nadhani nitakata tu."

Mbishi akafungua mdomo. Kabla hajatoa neno, cherehani ilinyamaza barazani.

"Mzee," Fundi alisema, akiinuka na mkasi mkononi, "ulitoa sharti, na mtoto amelitimiza. Nimemwona kila alfajiri kwa macho yangu haya. Na mimi nikishona, hao ndege ndio wanaonichangamsha. Ukitaka kukata hapo, anza na mimi."

Mama yake Mbishi akaja, akasimama kando ya Fundi. Wapangaji wengine nao wakasogea.

"Nyumba hii ina wabishi wangapi?" mzee aliuliza.

"Ulikuwa naye mmoja," Fundi alijibu. "Sasa hesabu upya."

Mzee akatikisa kichwa, akaweka fimbo kwapani, akaondoka. Hakuzungumzia panga tena.

Jioni ile, wakikunja nguo chumbani, Mbishi alisema, "Lakini mama, mimi nilikuwa na haki. Ndege hana meno."

"Ulikuwa na haki, na ulikuwa na kosa, vyote viwili pamoja," mama alisema. "Kubisha si vibaya, mwanangu. Mtu akitaka kumwonea asiye na kosa, bisha, hata kama ana panga. Lakini ukweli ukikugeukia wewe, usibishane nao. Ukubali mbele za watu, kisha ushike kazi. Siku ile ulipotanua mikono watu walikusikia tu. Ulipoanza kuamka alfajiri ndipo walipokuamini."

Mbishi akafungua mdomo abishe, akaikumbuka alfajiri. Akazikunja nguo zilizobaki, akaenda kulala mapema.