Mwanga Hauchagui Picha

"Imeungua tena, mpenzi," Masele alisema, akisukuma bahasha ya picha juu ya kaunta. "Pole."

Justa alizitoa picha moja moja, pale pale studio, Mkuyuni. Shangazi kaegemea gari la watu, ipo. Watoto wa jirani wamekunja ngumi kama mabondia, ipo. Mbuzi kwenye ngazi za kanisa, ipo, tena katoka mbuzi mzima hadi ndevu. Ile aliyoisubiri wiki nzima haikuwepo.

"Na ile ya mikono?"

"Ndiyo hiyo sasa iliyoungua. Kamera yako inavujisha mwanga, Justa. Mtumba ni mtumba."

"Nionyeshe basi hata negativu yake."

"Iliyoungua utaiona nini? Nimetupa." Masele akamshika bega. "Unajitesa bure. Tukioana utakaa hapa kaunta, upokee wateja, uandike risiti. Kupiga niachie mimi."

Alisema kwa upole, na hapo ndipo palipokuwa na shida. Mtu akikutukana unajua la kumjibu. Anayekuhurumia utamwambia nini? Justa akafunga bahasha yake, akaaga.

Hakwenda nyumbani Pasiansi. Alinyoosha hadi mjini, kwenye intaneti kafe mpya. Ilikuwa mwaka tisini na tisa, na Mwanza kila kitu kilikuwa kinaingia: mitumba, simu za mkononi za wenye nazo, na sasa hilo dude la intaneti. Dada wa kafe alikuwa amemfundisha kufungua barua pepe, na katika kupapasa papasa akaangukia kwenye kundi la wapiga picha wanaojifunza, Waswahili waliotawanyika huku na huko, kila mmoja na kamera yake na matatizo yake.

Picha zenyewe hawakutumiana. Mtandao ulikuwa mzito mno. Ukituma picha, mwenzako anakunywa chai, anamaliza, anaosha na kikombe, hajaona hata nywele. Kwa hiyo walielezana kwa maneno: nimepiga hivi, jua lilikuwa huku, nikaogopa, nikasogea. Wengine wakashauri na kutiana moyo.

Justa aliandika: *Ndugu zangu, ile ya mama yangu akigeuza dagaa kwenye jiwe nayo imeungua. Kaka Ojwang, nilifuata ulivyosema. Niliacha uso, nikasogea mpaka ikabaki mikono tu. Magamba yalikuwa yanamng'aa vidoleni. Nadhani kazi hii siiwezi.*

Wilhelmina, muuguzi wa Bukoba, ndiye aliyetangulia kumjibu: *Pole, mdogo wangu. Bandika sponji nyeusi kwenye mlango wa kamera. Na usiniambie huiwezi! Mimi mwaka jana nilipiga kipaimara kizima, kifuniko kikiwa kwenye lenzi.*

Justa alicheka peke yake. Kisha akafungua ya Ojwang.

Huyu Ojwang alikuwa mtu wa Shirati, karani katika kiwanda cha minofu ya samaki kule Nyakato, hapa hapa Mwanza, na saa ya chakula aliitumia kompyuta ya ofisi kwa kuibia. Siku moja alimwomba waonane ili aikague hiyo kamera. Justa akamjibu kwamba ana mchumba, na kwamba yaishie kwenye picha. Ojwang akasema sawa, dada, na hakurudia tena. Justa alimheshimu kwa hilo. Na tuseme ukweli, lilimuuma kidogo pia.

*Dada Justa,* aliandika, *sponji ulishabandika. Kitambaa cheusi ulishafunga. Leo nimesoma upya barua zako zote. Mzee aliyelala juu ya nyavu, aliungua. Msichana na mwavuli, aliungua. Sasa mikono ya mama. Lakini mbuzi hajaungua, na shangazi haungui hata siku moja. Mwanga hauna macho, dada. Ukivuja unaunguza hovyo. Huu wa kwako unachagua, tena unachagua vizuri kuliko sisi wote. Nani anakusafishia picha?*

Justa alikaa akiitazama ile skrini mpaka macho yakamwasha. Kisha akaandika upesi: *Mchumba wangu. Ananipenda. Tafadhali tusilizungumze tena hilo.*

Alilipia, akatoka nje. Amkasirikie nani, hakujua.

Miezi miwili baadaye, siku ya Jumamosi, wazee wa kina Masele walikuja Pasiansi kuzungumza mahari. Mzee Malimi, baba yake Justa, alikuwa amevaa koti lake la Krismasi. Masele alikaa karibu na mlango, msafi, mnyenyekevu, mkwe wa kutamaniwa. Kabla ya mazungumzo, baba mdogo wa Masele, Mzee Ndalahwa, akasimama na karatasi iliyoviringwa.

"Wakwe zetu, hatukuja mikono mitupu," alisema kwa furaha. "Kijana wetu hapa anatutoa kimasomaso. Kalenda ya mwaka elfu mbili hii, imechapwa Dar es Salaam, na picha zote kapiga yeye!"

"Baba mdogo," Masele alisema haraka, "hiyo si tungeiacha mpaka baadaye?"

"Baadaye ya nini? Jisifu kidogo, mwanangu!"

Mzee Ndalahwa akaikunjua, akaitundika kwenye msumari wa saa. Januari ilikuwa mikono miwili ikigeuza dagaa juu ya jiwe.

Justa aliinuka kitini. Hakuwahi kuiona ile picha, lakini aliijua. Ilitoka vizuri kuliko alivyoota.

Mama Justa alikuwa akigawa soda. Akaweka trei chini, akasogea ukutani.

"Hii si mikono yangu?"

"Mikono ya wanawake inafanana, Mama Justa," Mzee Malimi alimtuliza. "Keti."

"Inafanana na hiki?" Akanyoosha mkono wake kando ya kalenda. Kidole chake cha mwisho kilikuwa kimepinda tangu utotoni, alipovunjika akitwanga. Cha kwenye kalenda kilikuwa kimepinda vile vile, upande ule ule. "Mimi mkono wangu haujawahi kupigwa picha na mtu yeyote isipokuwa mwanangu."



"Masele," Justa alisema. "Mzee wa kwenye nyavu yuko mwezi gani?"

Masele aliinamisha kichwa.

"Na msichana wa mwavuli?"

"Aprili," Masele alinong'ona.

Mzee Ndalahwa alikuwa haelewi vizuri, ila aliona ng'ombe wa mahari wanarudi walikotoka. "Jamani, ni picha tu! Mambo ya picha yavunje nyumba?"

"Shikamoo yangu bado iko pale pale, baba," Justa alimwambia. "Lakini si picha tu. Angeniomba, ningempa zote. Yeye aliniambia ni mbovu. Kila nilipotoka pale studio nilikuwa naangalia mikono yangu, najiuliza Mungu aliniumbia ya nini. Naye anajua. Alikuwa anajua kila siku, halafu ananipa pole!" Akamgeukia baba yake. "Baba, naomba yaishie hapa."

Mzee Malimi aliutazama mkono wa mkewe, akaitazama kalenda. Akavua lile koti la Krismasi, akalikunja magotini.

"Wazee wenzangu," alisema, "mmemsikia binti yangu."

Jumatatu Masele alifika mwenyewe na boksi la viatu lililojaa negativu. Hakutaka kuingia ndani.

"Nilianza na moja, Justa. Niliikuza nikufurahishe siku ya kuzaliwa kwako. Mteja akaiona ukutani, akasema, Masele, kumbe unajua kazi! Miaka yote hiyo ya pasipoti na maharusi, hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Nikashindwa kusema si yangu."

"Na zilizofuata?"

"Zilizofuata nilikuwa mwizi tu." Akafuta uso kwa kiganja. "Waliochapa kalenda nimewaambia ukweli. Nisamehe ukiweza."

Justa alimwonea huruma, kweli kabisa. Alimpenda mtu huyu. Lakini alipokea boksi lake, akarudishia mlango taratibu.

Picha alizipeleka kusafishwa kwenye studio nyingine. Kisha akaenda posta, akapiga simu kiwandani Nyakato.

"Halo, naomba kuongea na Ojwang."

"Ndiye mimi. Nani mwenzangu?"

"Mwenye mbuzi asiyeungua."

Upande wa pili kicheko kikamtoka mtu hadi wenzake ofisini wakauliza kulikoni.

Jumapili baada ya misa Ojwang alikuja ziwani Pasiansi, pale Mama Justa anapoanikia dagaa. Alikuwa mrefu, shati limenyooshwa mpaka linakata, na haya imemjaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeshauri nikatwe kichwa kwenye picha?"

"Mama, naomba radhi, mimi..."

"Ulifanya vizuri. Kichwa changu siku hiyo hakikuwa kimesukwa." Akawasogezea kigoda, akarudi kwenye dagaa wake, pale masikio yake yangeweza kufika.

Justa akatoa bahasha. Ojwang akafumba macho.

"Usinionyeshe kwanza. Shika moja, nikueleze."

"Haya, nimeshika."

"Mzee kalala juu ya nyavu. Kofia imemfunika jicho moja. Mguu wa kulia hauna kandambili."

Justa aliitazama picha, kisha akamtazama yeye. "Endelea."

"Ni huyo? Basi anayefuata ni msichana na mwavuli. Mvua imepiga kutoka kushoto, na mwavuli una waya mmoja uliovunjika." Zote alizipata. Zote alikuwa amezihifadhi kichwani miezi yote hiyo, picha ambazo hakuwahi kuziona. Justa akachomoa ya mwisho.

"Bado moja," alisema. "Hii hutaiweza. Sikuieleza kwenye kundi."

Ojwang akafumbua macho. Ilikuwa picha ya Justa mwenyewe mbele ya kioo, kamera kifuani, anatabasamu kwa aibu.

"Niliipiga siku ile uliyoniomba tuonane, nikakukatalia. Nilijiuliza, kama ungekuja, ungeona nini? Masele akaniambia imeungua."

Ojwang aliipokea kwa ncha za vidole.

"Yule bwana," alisema, "picha nzuri alikuwa anaijua."

"Kaka Ojwang, usinitanie."

"Dada Justa, na hili la kaka na dada, haliwezi nalo kuungua?"

Kule kwenye jiwe, Mama Justa alikuwa ameacha kugeuza dagaa.

"Liungue," Justa alisema.