Tope la Nguruwe

Kila siku mchana, kengele ya mapumziko ikilia, Lusungu alikimbia nyumbani kufanya kazi moja ambayo hakuipenda hata kidogo. Alichota maji kwenye kisima cha jirani, akabeba ndoo mbili, moja baada ya nyingine, akazimwaga kwenye shimo lililokuwa kwenye kona ya banda la nguruwe. Nguruwe wao, jike kubwa jeupe lenye mimba, hakungoja kukaribishwa. Alijitupa humo, akagaagaa mpaka akawa na rangi ya udongo kuanzia pua hadi mkia.

Lusungu alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Yeye na wazazi wake walikuwa wamehamia Mkwajuni mwezi wa sita, wakitokea Mbebe, kule kwenye milima ya Ileje, ambako asubuhi watu huota moto na ukungu huchelewa kuondoka. Katika mifugo yao yote walikuja na nguruwe huyo peke yake. Kule Mbebe alikuwa msafi. Alilala kwenye nyasi kavu, akijichimbia humo mpaka yakabaki masikio tu. Lusungu aliona kwamba huku Mkwajuni nguruwe wao alikuwa ameharibika tabia.

Jumatano moja alirudi darasani na matone ya tope kwenye sketi. Ferista, aliyekaa naye dawati moja, akasogea pembeni.

"Unanuka banda," alisema. Alisema kwa sauti ya chini, lakini wa dawati la nyuma walisikia, wakacheka.

Jioni hiyo Lusungu alichukua jembe akalifukia lile shimo. Juu yake akatandika nyasi kavu, kama kule Mbebe. Hakuna aliyemwona. Mama yake alikuwa amesafiri kwenda kumuuguza bibi. Baba yake, Yonathani, aliendesha bodaboda. Alitoka alfajiri na kurudi giza limeshaingia.

"Maji ya nguruwe umemwaga?" baba aliuliza walipokuwa wakila.

"Ndiyo, baba."

Alhamisi aliuliza tena, na Lusungu akajibu vilevile. Siku hiyo kulikuwa na mawingu, na nguruwe alionekana mzima. Lusungu akaona ametatua shida yake.

Ijumaa jua liliwaka kweli kweli. Bati la banda liliunguza ukiligusa. Kwa kuwa hakuwa tena na kazi ya mchana, Lusungu alibaki shuleni akicheza rede na wenzake. Alipofika nyumbani saa tisa alasiri, alishangaa kuikuta pikipiki ya baba uani, tairi la nyuma likiwa limepasuka. Baba mwenyewe alikuwa bandani, amechuchumaa.

Nguruwe alikuwa amelala ubavu. Mdomo ulikuwa wazi, povu likimtoka, na mbavu zilipanda na kushuka mbio mbio. Ngozi yake nyeupe ilikuwa nyekundu. Kando yake chombo cha maji ya kunywa kilikuwa kimepinduliwa, na maji yaliyomwagika yalishakauka kwenye nyasi.

Jirani yao Gwamaka alikuwa amesimama mlangoni mwa banda.

"Hiyo ni homa ya nguruwe, Baba Lusungu," alisema. "Nimesikia imeingia kijiji cha pili. Mchinje sasa hivi kabla hajafa, upate hata nyama."

"Na kama ni homa, nitawalisha watu nyama yake?" baba alijibu bila kugeuka. "Nimeshampigia simu Bi Imelda. Tumsubiri."

Bi Imelda, afisa mifugo wa kata, alifika akiwa na mkoba wake. Akampima nguruwe joto, akakitazama kipimajoto kwa muda mrefu.

"Nyuzi arobaini na moja na nusu," alisema. "Ni joto kubwa mno. Nani anamhudumia?"

"Binti yangu," baba alisema. "Kila mchana anammwagia maji."

Bi Imelda akaitazama ngozi kavu ya nguruwe, akamgeukia Lusungu. "Na leo umemmwagia?"

"Ndiyo," Lusungu alisema. "Yamekaushwa na jua."

Bi Imelda akashusha pumzi. "Basi hali si nzuri. Nguruwe aliyepata maji na tope akawa hivi, lazima nifikirie ile homa. Haina dawa. Itabidi niufunge mtaa huu, nguruwe wa majirani nao wachunguzwe, na huyu pengine ateketezwe."

Lusungu aliangalia tumbo la yule nguruwe. Alifikiria watoto waliokuwa ndani, na nguruwe wa Gwamaka, na wa kina Ferista. Machozi yakamtoka.

"Sijammwagia," alisema. "Tangu juzi sijammwagia. Shimo nimelifukia, nikaweka nyasi. Nilimdanganya baba."

Baba akazipangua nyasi pale kwenye kona, akakuta udongo mkavu. Bi Imelda akasimama haraka.

"Leteni maji ya kisimani na magunia," alisema. "Tumpoze taratibu, tusimshtue."

Gwamaka akakimbilia kisimani. Baba akafunga turubai juu ya banda kuongeza kivuli. Lusungu alilowesha magunia, akayalaza kwenye shingo na miguu ya nguruwe, kisha akampepea kwa kipande cha boksi mpaka mikono ikamuuma. Hakuacha. Baada ya muda mrefu kipimajoto kilisoma arobaini. Baadaye, thelathini na tisa na nusu. Mara nguruwe akafunga mdomo, akainua kichwa na kutafuta maji.

Lusungu alikaa chini palepale kwenye udongo.

"Sasa nisikilize, mwanangu," Bi Imelda alisema akikaa karibu naye. "Wewe ukikimbia juani unatoka jasho, na jasho likikauka linaondoka na joto. Nguruwe ni kama hatoki jasho kabisa. Tope ndilo jasho lake, tena linamkinga ngozi isiungue. Kule kwenu milimani alipigana na baridi, ndiyo maana alijichimbia kwenye nyasi. Huku anapigana na joto. Hata hiki chombo, nadhani alikipindua akitafuta pa kujilowesha. Hakuharibika tabia. Mahali ndipo palipobadilika, naye akabadilika ili aishi."

"Kwa hiyo si homa?" baba aliuliza.

"Nadhani ni jua tu. Lakini nitarudi kesho kumpima."

Alirudi Jumamosi asubuhi. Joto lilikuwa la kawaida, na nguruwe alikuwa amemaliza pumba zote. Bi Imelda akafunga mkoba wake akitabasamu. Baba alicheka kwa mara ya kwanza tangu jana.

Bi Imelda alipoondoka, baba alichukua majembe mawili, akampa Lusungu moja. Wakaanza kulichimbua tena lile shimo. Kisha baba akasimama.

"Kazi ikikuchosha, niambie," alisema. "Wenzako wakikucheka, niambie. Tutatafuta njia, hata kama ni kukupa nguo ya kubadilisha. Lakini usiniambie imefanyika wakati haijafanyika. Mimi naamua mambo kwa kufuata neno lako, na Bi Imelda vilevile. Jana neno lako la uongo lilikaribia kuua nguruwe wa mtaa mzima. Neno lako la kweli limewaokoa. Hilo la pili ndilo nataka ulizoee."

"Nimekuelewa, baba," Lusungu alisema. "Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lete maji."